Mizani Isiyorudi Kwenye Sifuri

Wazee wangu shikamooni. Wagosi, hamjambo.

Naanza na mizani ya samaki, ile ya kuning'iniza. Mama mmoja alinijia analalamika: kanunua changu kilo 3, kapima kwa jirani akakuta 2 na nusu. Tukarudi kwa muuzaji. Nikasema, kijana, toa kila kitu, ndoana ibaki tupu. Mshale ukasimama kwenye nusu kilo! Akaapa hajaichezea, na mimi namwamini. Mizani ya kilo 10 iliwahi kutundikwa gunia la kilo 30. Ilianza kusema uongo siku hiyo.

Ndani mna springi. Robert Hooke alitangaza kanuni yake mwaka 1678: springi hurefuka kwa kadiri inavyovutwa. Tuseme kilo 1 inairefusha milimita 5, basi kilo 2 ni milimita 10. Ndiyo sababu alama za mizani zimeachana sawasawa. Ila kuna kikomo. Kabla ya kikomo, atomu, yaani chembe ndogo mno zinazounda chuma, husogea kidogo, ukiachia hurudi zilikokuwa. Ukikivuka, matabaka ya atomu hizo huteleza yakahamia mahali papya, na hapo hayarudi.

Haya, najua kuna anayenong'ona: mwalimu, kinachonyumbuka ni mpira, chuma kigumu! Hapana, jamani, hapana! Nimelisema hili mara ngapi? Kuvutika sana ni jambo moja, kurudi sawasawa ni jingine. Waya wa chuma cha kawaida wa mita 1 ukirefushwa kama milimita 1 hurudi. Ukizidisha sana, haurudi wote. Milimita 1 tu, lakini kuivuta kunataka nguvu kubwa, na chuma hukurudishia karibu nguvu yote. Mpira je? Chukua rababendi, ivute ghafla, iguse mdomoni. Ina joto. Ukiivuta na kuiachia, sehemu ya nguvu yako hupotea kama joto. Kwa mizani ya mpira mama yule angepunjwa kila siku.

Muda umekwisha na nondo sijazigusa. Mafundi, nondo iliyokunjwa ikanyooshwa kwa nyundo si nzima, hata kama haijakatika. Pale kwenye kona chuma kimeshateleza. Ikunje tena uone ufa. Kateni kipande hicho.

Na ninyi wa vyombo vya baharini: kamba ya nailoni hurefuka sana kuliko katani yetu, ikikatika inarudi na nguvu yote hiyo. Msisimame kwenye njia yake.

Kijana wa mizani amekuja nayo. Sogeeni muuone mshale kabla sijaifungua.