Shilingi, Kura na Sufuria la Tatu

KOMBO: Assalaamu alaykum. Ni sisi tena kutoka Wete, mie na dada Asha, na feni ni ile ile. Msituandikie, tunaisikia inavyolia.

ASHA: Waalaykum salaam. Fundi kasema kesho. Kesho yake hiyo ilianza Mfunguo Mosi.

KOMBO: Leo tumewaahidi maswali matatu ya kumuuliza Mwakilishi wako akirudi jimboni.

ASHA: Yapo, nimeyaandika. Lakini simulia ya Jumapili kwanza, maana tangu siku ile hukai ukatulia.

KOMBO: Jumapili Mwakilishi wetu kaja. Baraza la Wawakilishi limeahirishwa kule Chukwani, bajeti imepita, wote wamerudi majimboni. Tumekaa chini ya muembe wa skuli, dua imesomwa, sheha kafungua mkutano. Nna karatasi yangu mfukoni, swali moja tu. Kwamba mheshimiwa, kwenye bajeti ya maji ulisema dakika kumi nzima wananchi wako wanashinda kisimani, ukasema unaizuia shilingi ya mshahara wa waziri, huiachii mpaka akupe jibu. Halafu ukaiachia, ukaunga mkono hoja mia kwa mia. Ulipewa jibu gani hata ukaiachia?

ASHA: Mashaallah. Kajibuje?

KOMBO: Sikuuliza.

ASHA: Kombo!

KOMBO: Sufuria, dada.

ASHA: Sufuria gani tena?

KOMBO: Kabla sijanyanyua mkono, kasimama bi mkubwa mmoja. "Mheshimiwa, ulituletea masufuria manne ya shughuli. La tatu halionekani." Basi yakhe, mkutano uliishia hapo.

ASHA: La tatu ndilo lipi?

KOMBO: La kilo 25 za mchele! Lile la pilau. Yale mengine ya mchuzi na chai, nani atayaiba? Mmoja anasema lilikwenda kwenye harusi ya kina fulani, mwengine anasema lilirudi, tena limesuguliwa kwa mchanga likang'ara. Sheha anaulizwa daftari la kuazimia. Sheha anasema daftari lilikuwamo ndani ya sufuria.

ASHA: (anacheka) Daftari ndani ya sufuria!

KOMBO: Wallahi. Mheshimiwa mwenyewe kakaa na kalamu anaandika: mfuniko upo, sufuria hakuna.

ASHA: Sasa mie nna langu. Hayo masufuria yalinunuliwa kwa mfuko wa jimbo au kwa mfuko wa kanzu yake? Maana mfuko wa jimbo ni pesa ya Serikali, ina kamati yake. Hapo hakukuleteeni kitu, kakuonesheni mali yenu.

KOMBO: Hilo nalo halikuulizwa.

ASHA: Lingeulizwa saa ngapi, na mnatafuta sufuria? Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuisimamia Serikali. Mnampima kwa pilau.

KOMBO: Nimpime kwa nini? Kura ya sauti ile. "Wanaoafiki waseme ndio." Ndio! "Wasioafiki?" Kimya, au mtu kakohoa. "Waliosema ndio wameshinda." Wewe kwenye redio utaijua sauti ya wako?

ASHA: Ndiyo maana aulizwe ana kwa ana. Na bungeni Dodoma wanapopitisha bajeti kuu, mbunge mmoja mmoja huitwa kwa jina akajibu. Kwa hiyo inawezekana. Mbunge wako alijibuje?

KOMBO: Mbunge wangu? Huyo nikimuona nitamuuliza kwanza kama ndiye.

ASHA: Unaona! Kila jimbo hapa lina Mwakilishi na lina Mbunge, na nyote mnamtaka mmoja tu, yule mwenye masufuria.

KOMBO: Sikiliza, na hili sikubali. Alipofariki baba, mtu huyu kapanda boti kutoka Unguja, kafika, kashika jeneza. Nimuambie nini? Kazi yako ipo Chukwani, rudi?

ASHA: Allah amrehemu mzee. Lakini kuzika huzika hata jirani, na jirani hatulipi mshahara.

KOMBO: Miaka ile ya fitna, dada, baada ya uchaguzi wa 1995, Pemba hii majirani walikuwa hawazikani. Duka la wa chama kile hununui, maiti wa chama hiki huendi. Kwa hiyo usiniambie kuzika si siasa. Kwetu ndiyo siasa yenyewe.

ASHA: Na kilichowarudisha kuzikana ni nini? Novemba 2009 Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF wamekutana Ikulu, sawa. Lakini pale ni mikono tu imepeanwa. Ikabidi Baraza lipige kura ndipo tukapata kura ya maoni ya Julai 31, 2010, asilimia 66.4 wakasema ndio, ikaja Serikali ya Umoja wa Kitaifa, vyama vyote viwili ndani. Kura hiyo, Kombo. Hakuna sufuria lililofanya vile.

KOMBO: Watu walikuwa wamechoka. Baraza liliwafuata.

ASHA: Baraza liliwafungulia mlango.

KOMBO: Mlango walishauvunja.

ASHA: Aa, hapo hapana. Hapana kabisa.

KOMBO: Basi hapana.

(kimya; feni inasikika)

ASHA: Ujumbe umeingia. Msikilizaji wa Konde anasema huko kwao wana masufuria mawili na mifuniko mitatu.

KOMBO: Mwambie asiutupe huo wa tatu! Mwambie aje nao!

ASHA: Sasa maswali yangu... saa ngapi? Magharibi inaingia. La kwanza ni hili, shilingi uliyoiachia...

KOMBO: Hilo si langu?

ASHA: Lako hukuliuliza, kwa hiyo ni langu. Haya, wiki ijayo yote matatu. Alhamisi.

KOMBO: Alhamisi siwezi, nna hitma nyumbani.

ASHA: Watu wangapi?

KOMBO: Kama mia na hamsini hivi.

ASHA: Na mtapikia nini?

KOMBO: Adhana hiyo dada, zima.