Vumbi la Ndani: Kemikali za Kuzuia Moto Majumbani Mwetu

Ndugu zangu wananchi wa Dodoma, sisi tunaoishi na upepo wa kiangazi tumezoea kuliona vumbi kuwa jambo la nje, linaloingia dirishani na kufagiliwa. Leo naomba tulitazame lile linalozaliwa humo humo ndani, kutoka kwenye sponji ya kochi la mtumba na kasha la televisheni ya kichogo.

Mwaka 1975 jimbo la California, Marekani, liliweka kanuni iliyotaka sponji ya makochi istahimili mwali wa moto kwa sekunde 12, na viwanda vikaitimiza kwa kutia kemikali, hasa zile za bromini ziitwazo PBDE. Kanuni hiyo ilibadilishwa mwaka 2013. PBDE huchanganywa tu na sponji au plastiki bila kufungamana nayo, kwa hiyo hutoka kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na kutua sakafuni, mahali ambapo mtoto hutambaa kisha akatia vidole kinywani. Umbo lake linakaribiana na la homoni ya tezi ya shingo, ambayo huongoza ukuaji wa ubongo tangu tumboni, na tafiti kadhaa zimehusisha wingi wa PBDE mwilini mwa mjamzito na kupungua kwa uwezo wa akili wa mtoto. Kwangu mimi, hilo peke yake linatosha kututia wasiwasi.

Mkataba wa Stockholm, makubaliano ya kimataifa ya kukomesha kemikali sumu zinazodumu muda mrefu katika mazingira, ambao Tanzania ni mwanachama wake, uliziweka baadhi ya PBDE katika orodha yake ya kemikali za kukomeshwa mwaka 2009 na nyingine mwaka 2017, lakini mkataba hauwezi kulitoa kochi lililokwisha kuingia sebuleni.

Linaloniumiza zaidi ni moshi. Vijana wanaotafuta riziki kwa vyuma chakavu huchoma nyaya na makasha ili wapate shaba, na katika moto huo hafifu huzaliwa dayoksini na furani, sumu kali kuliko zile za mwanzo. Majivu hubaki ardhini, kuku wa kienyeji wakayadonoa, na kwa kuwa sumu hizo hukaa katika mafuta, huishia kwenye kiini cha yai. Siwalaumu vijana hao. Nawasihi wachune waya kwa kisu badala ya kuuchoma.

Akina mama na akina baba, tufute vumbi kwa kitambaa kilicholowa, tuwanawishe watoto kabla ya kula. Nanyi mafundi wa makochi mnaokatakata sponji kuukuu za kujazia mito, nawaomba mito hiyo msiwauzie wenye watoto wachanga.