Mashine ya Boti Haiwashwi Pakavu

Mafundi wenzangu wa Moshi, nitakachosema mnakijua, na wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni. Mashine ya boti haiwashwi pakavu.

Shida yetu ni kwamba maji yako bwawa la Nyumba ya Mungu, gereji ziko mjini. Mvuvi anapakia mashine yake kuukuu kwenye pikapu, inachemsha, anataka impela mpya, lile gurudumu la mapanga la pampu ya maji ya kupozea. Fundi wa mtaa wa Pasua anashusha mguu, yaani ile sehemu ya chini yenye propela, anaweka impela, anafunga vizuri kabisa. Sasa anataka mteja asikie. Anaibana kwenye benchi, anavuta kamba, inanguruma, mvuvi anatabasamu na kutoa hela. Ile impela imeshaungua kabla pikapu haijatoka mjini!

Impela ni mpira. Inazunguka ndani ya kikombe cha chuma, imebanwa humo, mapanga yake yamelala upande mmoja. Kinachoilainisha ni maji hayohayo inayoyavuta. Maji yasipokuwepo mpira unasaga kwenye chuma, na sekunde chache zinatosha kuumaliza.

Najua mtaniuliza, mbona bodaboda tunaiwasha pakavu kila siku? Bodaboda nyingi zinapozwa na upepo, ndiyo maana silinda ina yale mapezi. Hii haina mapezi, haina feni, haina rejeta. Rejeta yake ni bwawa zima. "Lakini mwalimu, niliiwasha sekunde kumi tu." Sekunde kumi za saa ya nani? Wewe ulikuwa unazungusha mafuta mpaka jirani atoke nje kuangalia!

Tafuta pipa la lita 200, toa mfuniko, jaza maji mpaka yapite juu ya lile bati lililo juu ya propela. Gia iwe frii. Kuna wenye vile vikombe vya mpira vya kuunganisha na bomba, wananiambia pipa ni ushamba. Sawa, lakini kwenye mashine nyingi ndogo za zamani matundu ya kuvutia maji yako mahali ambapo kikombe hakikai. Pipa halichagui mashine. Na bei yake, gawanya na spea ulizolipia watu baada ya kuziunguza, halafu uniambie kama ni ghali.

Jambo la pili ni kojo, ule mchirizi wa maji unaotoka nje kuonyesha kwamba pampu inavuta. Likikatika, fundi anakimbilia spana. Ngoja kwanza! Chukua waya mwembamba, zibua lile tundu. Mara nyingine ni mchanga tu, au nyigu amejenga humo mashine ilipokuwa imelala stoo. Kojo likirudi na nguvu, mrudishie mtu mashine yake.

Ukifungua pampu ukakuta impela imekatika mapanga, hesabu yaliyobaki. Yale mengine hayajapotea, yamepanda na maji. Yatafute kwenye bomba linalokwenda juu na kwenye njia za maji za injini. Ukiyaacha, utaweka impela mpya na bado itachemsha, mpaka inoki, yaani injini igande kwa joto, na jina litakaloharibika ni lako.

Mengine nayapitia haraka, naona mwenye ukumbi ananiangalia. Bolti iliyoganda usiilazimishe, ipashe moto, ipe mafuta ya kulegeza, subiri. Fito ya gia iachanishe kabla ya kushusha mguu. Impela mpya ipake maji ya sabuni, si grisi ya gari, kisha zungusha shafti upande inaozungukia injini huku ukisukuma kikombe chini, mapanga yalale inavyotakiwa. Kikombe na bati la chini vikiwa na mikwaruzo ya mchanga, badilisha vyote. Na grisi ya shafti ipake kwenye meno ya ubavuni, usiweke juu kichwani: itazuia mguu usikae, utavuta kwa bolti, utapasua.

Themostati, ile valvu ya joto, leo hatuigusi. Maswali mawili tu, na asiniulize mtu tena habari za sekunde kumi.