Mwenye injini aione oili yake mwenyewe

Assalaam aleikum. Manahodha, mabaharia, na nyinyi mama zangu wenye boti mliokuja kusikiliza, karibuni.

Nimeombwa nizungumzie kumwaga oili ya injini ya kupachika ya mipigo minne, hizi tunazoziita foo-stroki. Kazi yenyewe haichoshi: spana, filta mpya, wosha mpya na kidumu kilichokatwa ubavu. Ila naanza na hesabu, maana hapo ndipo injini nyingi zinapofia.

Injini ya mipigo miwili mnaijua. Oili inachanganywa na petroli, inaungua, inatoka na moshi, na kila tangi linakuja na oili mpya. Foo-stroki oili yake inakaa kwenye sampu, yaani bakuli la oili ndani ya injini, ileile inazunguka kwenye kamshafti, beringi na pistoni mpaka uimwage. Wapo wanaotia oili kidogo kwenye petroli yake wakiona ndiyo usalama. Jamani, hiyo inachafua plagi tu, sampu haipati kitu.

Sasa vitabu vya injini hizi kwa kawaida vinasema mwaga oili kila saa 100 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Mtu wa Ulaya anayetoka na boti yake Jumapili huenda mwaka ukaisha hajafikisha saa hizo. Wewe ukiendesha saa 6 kwa siku, saa 100 zinatimia siku ya 17. Siku ya 17! Kwa hiyo habari ya “mwaka” ifuteni vichwani. Ndugu zangu wa dagaa mna kalenda nzuri kuliko sisi wote: mnavua giza, mnapumzika mbalamwezi. Basi mbalamwezi ikiingia, oili imwagwe. Wa mshipi na jarife wekeni daftari la saa, kwa kuwa injini nyingi ndogo hazina mita. Na injini mpya kabisa ina mwago wake wa kwanza wa mapema zaidi. Fuateni kitabu chake.

Dukani tazameni herufi, msitazame rangi ya chupa. FC-W ndiyo ya foo-stroki ya boti, na uzito wake mara nyingi ni 10W-30 au 10W-40. TC-W3 ni ya kuchanganya na petroli kwenye mipigo miwili. Haiingii kwenye sampu kamwe. Oili ya gari nayo haikutengenezwa kwa kazi hii. Injini ya boti inaweza kukimbia mizunguko 5,000 kwa dakika safari nzima, tena kwenye hewa ya chumvi, na FC-W ina dawa ya kuzuia kutu.

Haya, kazini. Injini iwashwe ikiwa inapata maji, dakika chache, oili ipate moto na kulainika. Usiiwashe kavu, impela ya mpira inayovuta maji ya kupoza injini itaungua. Zima, isimame wima, subiri oili ishuke.

Kabla ya kugusa spana, chomoa stiki ya kupimia oili. Hapa naomba tutulie, kwa sababu hii ndiyo faida kubwa ya kufanya mwenyewe, kubwa kuliko pesa ya fundi. Oili nyeusi tupu haina neno, imebeba masizi kama ilivyotakiwa. Oili iliyopanda juu ya alama na kunuka petroli ni habari nyingine. Petroli inapita kwenye ringi na kushuka kwenye sampu pale injini inapofanya kazi bila kupata joto lake: mnaposubiri jarife inanguruma taratibu muda mrefu, au fundi alipong'oa themostati, ile vali inayotunza joto la injini, eti injini ipoe. Rudisheni themostati hizo! Injini ikikaa baridi, petroli haivukizwi kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, beringi zinalika. Na ukiona oili imegeuka kama maziwa, maji yameingia. Boti isitoke mpaka ijulikane yalikopita.

Fungua nati ya kumwagia, iache itiririke mpaka mwisho, kisha pitisha kidole kwenye oili iliyopoa. Vipande vya chuma vinavyong'aa vinakuambia uite fundi leo. Filta mpya ipake oili kwenye mpira wake, ikaze kwa mkono hadi iguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko. Nati irudi na wosha mpya. Mimina kipimo cha kitabu chako, washa, kagua uvujaji, zima, subiri, pima tena. Iwe katikati ya alama mbili; kuzidisha nako kunaharibu.

Oili ya gia kule chini ni nyingine kabisa. Skrubu mbili, unajaza kwa tundu la chini mpaka itokee la juu. Ile ya zamani ikitoka nyeupe, maji yameingia, ng'oa propela: mara nyingi utakuta mshipi umejisokota kwenye shafti na kukata sili.

Oili chafu irudi kwenye kidumu, ipelekwe gereji wanakoikusanya. Isimwagwe mchangani wala kwenye mikoko, kamba na kaa wanakulia mle, na ni sisi tunaowavua.

Maswali tutayajibu mikono ikiwa na oili. Injini iko kwenye stendi, pipa la maji limejaa. Nani anaanza na stiki?