Mara tatu au mara thelathini na tatu?

ATUPELE: Karibuni tena. Uyole mvua inapiga bati, mkisikia kelele mtuvumilie. Haya kaka Baraka, lete habari za mjomba.

BARAKA: Ndaga, dada Atu. Mjomba wa Tukuyu alikohoa miezi, zahanati moja ikampa dawa za kifua, akamaliza, akapewa tena. Mpaka alipopigwa CT, ile picha ya kompyuta ya ndani ya mwili, ndipo ukaonekana uvimbe wa sentimita mbili. Kinyama kikapimwa: saratani ya mapafu, haijasambaa. Upasuaji ndio wanaoanza nao, ila moyo wake hauuwezi. Wamemtajia mionzi ya aina mbili, naye anauliza nauli ya Dar tu.

ATUPELE: Ana haki. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Mionzi ya kawaida ni kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa: grei 66, yaani kipimo cha dozi ya mionzi, zinagawanywa mara 33, wiki sita na ushee. Ile nyingine wanaiita SBRT, mionzi ya dozi kubwa inayolenga uvimbe kwa usahihi, kwa mara chache. Grei 54 kwa mara tatu.

BARAKA: Tatu! Si watamuunguza?

ATUPELE: Fikiria watu kumi gizani, kila mmoja na katochi kake hafifu, wote wanammulika kuku mmoja. Kuku anang'aa, uwanja unabaki giza. Miale inatoka pembe nyingi, inakutana kwenye uvimbe.

BARAKA: Kuku mwenyewe hatulii. Mtu anapumua.

ATUPELE: Ndiyo maana wanapiga CT inayofuata pumzi, waone uvimbe unapanda na kushuka kiasi gani. Halafu analazwa kwenye mto unaoshika umbo la mwili wake, mikono juu ya kichwa, kimya.

BARAKA: Bega lake la kulia bovu, aliangushwa na bodaboda.

ATUPELE: Aseme siku ya kwanza! Akijitikisa, lengo linahama.

BARAKA: Na ipi inaukomesha?

ATUPELE: Australia na New Zealand walizilinganisha kwa wagonjwa 101, matokeo yakatoka 2019. Kwa SBRT, uvimbe uliendelea kukua palepale kwa wagonjwa 9 kati ya 66. Kwa mionzi ya kawaida, 11 kati ya 35.

BARAKA: Basi mjadala umekwisha.

ATUPELE: Taratibu. Uvimbe ukikaa karibu na mirija mikuu ya hewa, dozi kubwa za mara tatu ni hatari, wanaweza kuzigawa mara tano au nane, au kurudi kwenye ile ndefu. Ukiwa karibu na mbavu, ubavu unaweza kuuma baadaye, hata kuvunjika. Na zote mbili zinaweza kuleta uchovu na kuvimba kwa pafu miezi kadhaa mbele. Kikohozi kikirudi, asikimbilie duka la dawa.

BARAKA: Karatasi ya CT ninayo kwenye simu. Imeandikwa... "pafu la kulia, sehemu ya juu, pembezoni."

ATUPELE: Hilo neno la mwisho, kaka, mjomba aliwekee kidole mbele ya daktari wa mionzi kabla ya kutaja nauli.