Kalale Kwanza, Dawa Baadaye

Nimelisema Uyole, nimelisema Tunduma, na leo hapa Mafiati, Mbeya, nalirudia: vijana, laleni. Mnacheka! Mlikuja mkidhani nitawatajia mzizi au vumbi la Kongo la kuongeza nguvu za kiume. Sina.

Testosteroni, homoni ya kiume, hupanda mtu akiwa usingizini, ikafika kileleni alfajiri. Sasa wewe mechi ya Ulaya imeanza saa tano usiku, imeisha saa saba, mkeka umechanika kwa timu moja, na saa nane bado uko kwenye simu unamtukana kipa asiyekujua. Saa kumi na moja, baridi ya asubuhi, mzula hadi machoni, umeshaegesha bodaboda stendi unawahi abiria wa mabasi ya Dar. Hiyo homoni itengenezwe saa ngapi?

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo haya: vijana 10 wenye afya njema, wiki moja, usingizi usiozidi saa tano kwa usiku. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Najua kuna mtu hapo nyuma anasema kumi ni wachache. Ni wachache, kweli. Lakini umri wenyewe humpunguzia mwanaume kama asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka, kwa hiyo piga hesabu hao walizeeka miaka mingapi kwa wiki moja. Na usiniambie unafidia kijiweni. Kusinzia juu ya tangi la pikipiki, sikio moja likisikiliza abiria, huko nako ni kulala?

Mwenyekiti ananionyesha saa, ngoja nikimbie. Kitambi: mafuta ya mwili yana kimeng'enya, yaani kichocheo, kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike. Pombe: viroba vilipigwa marufuku 2017, mkahamia vichupa, korodani zinaumia vilevile. Sindano za kutunisha misuli: homoni ikiingia kutoka nje, ubongo unaacha kuziagiza korodani kazi, zinasinyaa, mbegu zinapungua hata kuisha. Kifua unacho, mtoto humpati.

La kupima testosteroni nalo. Nenda hospitali asubuhi, kabla ya saa nne, maana jioni kiwango huwa kimeshashuka. Kikitoka chini, kirudiwe asubuhi nyingine kabla hujaandikiwa chochote. Anayekupima kwa kukuangalia macho sokoni, akakuuzia chupa papo hapo, huyo kapima mfuko wako. Haya, maswali. Wewe mwenye koti jekundu, anza.