Gari Linalovuja: Tafuteni Kwanza Njia ya Maji

Habari za asubuhi, vijana. Sogeeni karibu, na walio nyuma wapite mbele waone kilichomo kwenye karai hili.

Hili ni sponji la chini ya kapeti. Nimelitoa jana jioni kwenye ile Corolla ya mwaka 1998 iliyosimama pale kivulini. Kapeti lenyewe kwa juu lilikuwa kavu kabisa. Mwenye gari hakuja kulalamikia maji. Alikuja kulalamikia harufu, na kwamba kila asubuhi vioo vinajaa ukungu kwa ndani. Sasa angalieni nikikamua. Mmeona? Nusu karai, na bado. Haya ni maji ya mvua za wiki iliyopita. Sponji linayanywa, kapeti linayafunika, na bati la sakafu linaliwa na kutu huku mwenye gari akinunua manukato ya kuning'iniza kwenye kioo.

Leo nataka mwondoke na jambo moja. Gari halikuundwa kuzuia kila tone lisiingie. Limeundwa kuyapokea maji, kuyapa njia, kisha kuyatoa. Mlango wa gari hulowa kwa ndani kila mvua inaponyesha, kwa sababu maji hupenya kando ya kioo yakashuka tumboni mwa mlango, na chini kabisa kuna matundu ya kuyamwaga. Chini ya wipa kuna mfereji. Sanrufu, yaani lile dirisha la kwenye paa, nayo ina mfereji wake, na vimpira vinavyopita ndani ya nguzo za bodi mpaka chini. Gari la zamani likianza kuvuja, msikimbilie kuuliza limetoboka wapi. Ulizeni kwanza: maji yalikuwa yakitoka nje kupitia wapi, na pale pamefanywa nini?

Mimi somo hili nililipata kwa kumtia mtu hasara. Zamani, nikiwa na umri kama wenu, aliniletea gari mzee mmoja, sakafu ya kushoto mbele imelowa. Nikatazama mpira wa kioo cha mbele, nikaona umechoka, nikauzungushia silikoni, nikachukua hela. Wiki mbili baadaye mvua ikanyesha usiku kucha, asubuhi gari haliwaki. Kontrolboksi, ile kompyuta ya injini, ilikuwa nyuma ya kava la pembeni, pale abiria anapoegesha mguu, na maji yalikuwa yanaishukia moja kwa moja. Kioo hakikuwa na kosa lolote. Nilimlipa yule mzee kwa mafungu, na mpaka leo nikishika kopo la silikoni namkumbuka.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, zungumza na mwenye gari. Muulize: linalowa mvua ikinyesha tu, au hata siku za jua? Ukiliosha je? Unaliegesha kwenye mteremko, pua ikiwa juu au chini? Majibu haya yanakuokolea siku nzima ya kazi.

Halafu yachunguze maji yenyewe. Yakiwa safi, hayana harufu, na yanaonekana siku kavu ambazo kiyoyozi kimewashwa, hayo ni ya kiyoyozi. Huku pwani hewa ina unyevu mwingi, kiyoyozi kinatoa jasho kama mtungi, na jasho hilo linatoka kwa kimpira kidogo kinachopenya ukuta wa injini kwenda chini ya gari. Vumbi au mdudu akikiziba, maji yanarudi miguuni kwa abiria. Washeni kiyoyozi dakika kumi kisha mchungulie chini: pasipodondoka kitu, mmeshapata jibu. Maji yakiwa yanateleza vidoleni, yana rangi ya kijani au nyekundu na harufu tamutamu, hayo ni ya rejeta, hita imepasuka, na mvua haihusiki kabisa. Mtaona pia utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele usiofutika kwa kitambaa kikavu. Msiyaonje, ni sumu.

Yakiwa ya mvua, kazi ndiyo inaanza. Na inaanza kwa kukausha. Huwezi kufuata njia ya maji kwenye gari lililolowa kila mahali. Toa nyaya za betri, subiri dakika kadhaa, ndipo ufungue siti, maana zile soketi za njano chini ya siti ni za mifuko ya hewa na hazitaki mchezo. Toa kapeti, toa sponji, yaanikwe juani siku mbili tatu. Sponji la unene huu halikauki kwa siku moja, asikudanganye mtu. Kuna mafundi wanatoboa sakafu kwa drili ili maji yatoke. Naomba sana asitokee mmoja wenu akafanya hivyo. Sakafu ina vizibo vya mpira toka kiwandani, ving'oe umwage maji, kisha uvirudishe. Tundu la drili ni mlango wa kutu, na maji ya barabarani yatapitia hapohapo kupanda.

Sakafu ikikauka, tandaza magazeti kila pembe. Mmoja aingie ndani na tochi, milango ifungwe, mwingine ashike mpira wa maji nje. Maji yatiririke taratibu kama mvua ya kawaida. Mashine ya presha hapana, itapitisha maji hata kwenye mpira mzima wa mlango au kioo, nawe utatibu ugonjwa usiokuwepo. Anza chini, panda juu. Ukianzia juu ya paa, maji yatapita kila mahali kwa pamoja na hutajua yameingilia wapi. Kila sehemu ipe dakika tano hivi. Kizingiti kwanza, kisha mlango, kisha mfereji wa wipa, kisha kando ya kioo, mwisho paa. Aliye ndani asitazame sakafu tu. Aingize kichwa chini ya dashibodi, amulike juu, afuate nyaya, kwa sababu maji hupenda kutambaa kwenye waya na kudondoka mbali na pale yalipoingilia.

Sasa turudi kwa Corolla yetu. Tulimwagia kizingiti, kavu. Mlango, kavu. Tulipofika chini ya wipa, kwa dakika tatu za kwanza hakuna kitu. Ya nne, kijana aliyekuwa ndani akapiga kelele: maji yanashuka kutoka kwenye feni, nyuma ya droo ya dashibodi. Tukafungua mikono ya wipa, tukanyanyua lile kava la plastiki. Gari hili linalala chini ya mwarobaini. Mnalijua jani la mwarobaini, jembamba, linapita kwenye tundu lolote la kava. Pale ndani yalikuwa yameoza miaka na miaka, yamekuwa tope jeusi kama mbolea, na katikati yake mche mdogo umeshaota. Tundu la kutolea maji upande wa kushoto lilikuwa halionekani kabisa. Mfereji umegeuka beseni. Mle ndani kuna tundu la kuingizia hewa, nalo limezungushiwa kingo ili maji yasilifikie. Beseni likijaa, maji yanavuka zile kingo, yanaingia kwenye feni, yanamwagikia miguuni kwa abiria. Nilitoa konzi mbili za tope kwa mkono, nikapitisha waya laini kwenye tundu, nikamwaga ndoo nzima. Yote yakatokea nyuma ya tairi la mbele kama inavyotakiwa. Silikoni haikutumika hata tone.

Na mlango? Hapa nina uchungu kidogo, kwa sababu ugonjwa huu tunausababisha wenyewe. Ukifungua kava la ndani la mlango utakuta nailoni imegandishwa kwa gundi nyeusi. Fundi wa redio anakuja kufunga spika, anaichana. Fundi wa vioo anaitoa, anaona takataka, anaitupa. Nailoni hiyo ndiyo ukuta unaotenganisha tumbo lenye maji na sebule ya gari. Isipokuwepo, maji yanafuata kava, yanashuka juu ya kizingiti, yanaingia chini ya kapeti. Ile ya zamani ikiwa nzima, iweke juani gundi ilainike, ukandamize kwa vidole pande zote. Ikiwa imechanika, kata mpya ya nailoni nene, tumia utepe mweusi wa butili, ule usiokauka. Ncha ya chini ya nailoni lazima iingie ndani ya mlango, isiachwe ikining'inia nje, ili tone likishuka lirudi tumboni na kutoka kwa matundu ya chini. Na matundu yenyewe yazibueni. Gari likipigwa rangi upya mara nyingi pati na rangi huyafunika.

Naam, uliza kijana. Anasema gari lao nyumbani lina sanrufu, je, aipulize mifereji yake kwa kompresa? Usifanye hivyo. Vile vimpira ni vya zamani, vimeshika kwa kubanwa tu, presha ikivichomoa ndani ya nguzo utalazimika kushusha dari zima. Nunua mshipi mnene wa kuvulia samaki, ulainishe ncha kwa moto isiwe kali, uupitishe taratibu kutokea juu. Kisha mimina kikombe cha maji kila pembe, uangalie chini yanatoka au la.

Buti ni jepesi zaidi. Maji yakikaa kwenye shimo la tairi la akiba, shuku gasketi za taa za nyuma, kisha mpira wa buti. Paka chaki kwenye bati panapokutana na mpira, funga, fungua: pasiposhika chaki ndipo panapovuja. Milango ijaribuni kwa kipande cha karatasi. Fungia karatasi, vuta. Ikitoka bila kukataa, mpira umelala au mlango unahitaji kurekebishwa.

Kioo cha mbele nimekiweka mwisho makusudi, ingawa kila mtu hukianza. Kweli, kuna siku kosa ni lake. Magari mengi ya sasa kioo kimegandishwa kwa gundi, na kutu ikiota kwenye kingo ya bati chini ya gundi, maji yanapata njia. Kupaka kitu kwa juu ni kuifungia kutu ndani ikaendelea kula. Kioo kitoke, bati lipigwe msasa mpaka ling'ae, praima, kisha gundi yenyewe ya vioo vya magari, na gari lipumzike muda ulioandikwa kwenye kopo. Ile silikoni ya bafuni yenye harufu ya siki msiiguse kwenye bati. Ile harufu ni asidi.

Basi, tutoke nje. Kuna pikapu moja pale inalowa upande wa dereva, sijaigusa na sijui inavuja wapi. Magazeti yako mezani. Nani anaingia ndani na tochi, na nani anashika mpira wa maji?